Kuuona umeme ukiliwa: inafaa ulipie?

Siku hizi madukani utakuta vifaa vya kuonyesha umeme unavyoliwa: kidude cha kuchomeka kati ya soketi na plagi, au skrini ya ukutani inayosoma nyumba nzima. Muuzaji atakwambia ukiona, utapunguza. Hadanganyi. Mwaka 2006 Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford alipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba wanaoona matumizi yao papo hapo huokoa kati ya asilimia 5 na 15. Ila asilimia hailipi bili, inayolipa ni shilingi.

Kwa viwango vya TANESCO vya mwaka 2016, mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. VAT na tozo zikiongezwa, inafika 356 hivi. Umeme wa 20,000 kwa mwezi, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa humo, ni uniti 56. Ukipunguza asilimia 7, unaokoa uniti 4, yaani kama 1,400. Tuseme kifaa umeuziwa 40,000. Kitarudisha hela yake baada ya miaka miwili na zaidi, kama hakijaungua. Mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo, ambaye uniti zake 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, asihangaike kabisa. Kwake la kuchunga ni kutovuka hizo 75, maana ya 76 inaanzia 350.

Tena skrini tayari unayo. Rimoti ya LUKU, mita ya kulipia kabla, inaonyesha uniti zilizobaki. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani kila jioni, na watoto waione. Kwenye mita yenyewe kuna taa nyekundu inayopepesa. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Zima vyote, washa kimoja, hesabu kwa dakika moja. Feni ya wati 60 itapepesa mara moja tu. Pasi ya wati 1,000 ni mara 16 au 17. Jagi la umeme la wati 2,000 ni mara 33, na hapo ndipo mtu huacha kujaza jagi zima kwa kikombe kimoja cha chai. Ahmad Faruqui na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2010, waliona skrini ikiokoa asilimia 7 hivi kwa wanaoitumia kweli, na kama 14 pale umeme unapolipiwa kabla. Sisi wa LUKU tuko kundi hilo la pili, na skrini yetu ni hiyo rimoti.

Kidude cha plagi kina kazi moja ambayo taa haiiwezi vizuri: friji. Friji huwaka na kuzima, hivyo lazima lipimwe saa 24. Lakini hiyo ni kazi ya siku moja. Nunueni kimoja nyumba nne au tano, kizunguke.

Skrini ya nyumba nzima ni ya mwenye AC na pampu ya maji. Anayekula uniti 300, asilimia 7 kwake ni uniti 21, karibu 7,500 kwa mwezi. Kifaa kilekile cha 40,000 kinajilipa ndani ya miezi sita. Aite fundi mwenye leseni, kibanio cha skrini kifungwe kwenye waya uliokwishatoka kwenye mita, na lakiri ya TANESCO isiguswe.