Kisukari Kinapojeruhi Neva za Tumbo

Mgonjwa aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi huweza kula vijiko vichache vya wali akajihisi ameshiba. Chakula cha jioni hukaa tumboni hadi alfajiri, na kichefuchefu humwandama. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, kumbe huenda neva zimejeruhiwa.

Ukuta wa tumbo na utumbo una mtandao wake wenyewe wa mamilioni ya seli za neva, uliopita katikati ya tabaka za misuli. Baadhi ya seli hizo huamuru misuli ijikaze. Nyingine hutoa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo huilegeza misuli ili tumbo lipanuke kupokea chakula, na mlango wake wa chini ufunguke kukipitisha.

Seli hizo hupata nishati kwa kutumia oksijeni. Katika kazi hiyo, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa superoksaidi, molekuli iliyo tayari kushambulia chochote kilicho jirani. Mwili wenye afya huizima kwa vimeng'enya vyake. Lakini sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, superoksaidi huongezeka kupita uwezo wa kinga hiyo. Ikikutana na nitriki oksaidi, huzaliwa peroksinitriti, kemikali kali inayoharibu protini, utando wa seli na vinasaba. Seli hupata hasara mara mbili: ujumbe wake humezwa kabla ya kufika, nayo yenyewe hujeruhiwa.

Madhara yake huvuka mipaka ya tumbo. Chakula kinapochelewa kushuka, insulini iliyodungwa huanza kazi kabla ya sukari ya mlo kuingia katika damu. Mgonjwa huweza kutetemeka, kutoka jasho, hata kuzimia.

Hata hivyo, si kila neva iliyonyamaza imekufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba panya wenye kisukari walipopewa insulini, kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi kilirejea. Kwa binadamu, vidonge vya antioksidanti havijathibitishwa kuwa tiba ya tatizo hili. Kinga iliyo mkononi ni kudhibiti sukari mapema, na kumweleza daktari kuhusu shibe ya haraka kabla ya kununua dawa za vidonda.