Masafa Yaliyoachwa na Runinga Yawafikie Waokoaji wa Mulot

Mulot ni mji wa daraja na mpaka. Mto Amala, ukishuka kutoka misitu ya Mau kwenda kukutana na Nyangores ili uzaliwe mto Mara, hupita hapa, na mpaka wa kaunti hupita papo hapo. Ng'ambo hii Narok, ng'ambo ile Bomet. Barabara kuu itokayo Narok kuelekea Bomet, Sotik na Kisii hukata katikati ya soko, na ukingo wake hugawanwa na malori, matatu, boda boda na wachuuzi tangu alfajiri hadi usiku.

Lori likikatika breki mahali kama hapo, uhai wa majeruhi hutegemea nani anasikilizana na nani. Polisi wa upande mmoja wana wakubwa wao Narok, wa upande wa pili wana wao Bomet. Tangu Katiba ya 2010 ikabidhi kaunti huduma za afya, kila kaunti ina ambulensi zake. Hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Bomet iko Longisa, kwenye barabara hiyo hiyo, na hospitali ya Tenwek iko mbele zaidi. Msalaba Mwekundu wana namba yao, 1199. Polisi wana 999. Mara nyingi kinachowaunganisha wote hawa ni simu ya mkononi aliyo nayo kila mmoja mfukoni, kwenye mnara ule ule unaotumiwa saa hiyo na mamia ya watu wanaotuma picha na kuwatafuta jamaa zao.

Watu wa Kericho na Bomet hawahitaji kuelezwa maana ya ajali. Oktoba 2018, basi lilipinduka karibu na Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, trela liliwafagia wachuuzi na abiria kwenye makutano ya Londiani, na zaidi ya 50 wakafa tena. Usiku ule wa Londiani, mvua kubwa iliwatatiza waokoaji. Hiyo ndiyo nchi yetu ya chai: vilima, miteremko, ukungu, na mvua ya alasiri.

Nataka kueleza kwamba katika anga iliyo juu ya vilima hivi kuna nafasi inayofaa sana kubeba sauti za waokoaji. Nafasi hiyo ilikuwa ya runinga. Ikapatikana kwa ugunduzi wa kihisabati, na kwa gharama ambayo familia nyingi za Kenya zenye runinga zililipa.

Hesabu iliyopunguza picha

Runinga, redio na simu hutumia kitu kimoja: mawimbi ya sumakuumeme, ambayo James Clerk Maxwell aliyatabiri kwa hesabu miaka ya 1860 na Heinrich Hertz akayathibitisha Ujerumani kwa majaribio ya 1887 na 1888. Mawimbi hutofautiana kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Megahezi moja, au MHz 1, ni mitetemo milioni moja kila sekunde.

Runinga ya zamani, ile ya eriali na chenga, ilikuwa mlafi wa masafa. Kila kituo kilichukua upana wa MHz 8 peke yake, na pembeni yake ilibidi ziachwe nafasi tupu ili vituo jirani visiingiliane. Bendi ya runinga iliyoanzia MHz 470 hadi 862 ilikuwa na nafasi 49 za upana huo, lakini katika eneo moja nyingi zililazimika kukaa bure.

Mwaka 1972, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, Nasir Ahmed, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, aliomba fedha za kuchunguza njia mpya ya kuifinya picha kwa hesabu. Ombi lake lilikataliwa. Hakuacha. Mwaka 1974, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, alichapisha matokeo. Njia yao huigawa picha katika vipande vidogo, kisha huuliza kila kipande: ni mabadiliko gani ya mwanga ambayo jicho huyaona, na ni yapi halitatambua yakiondolewa? Mchumaji chai hodari hufanya hivyo hivyo kwenye mchai: huchukua majani mawili na chipukizi, yaliyokomaa huyaacha, na kikombe hakipungukiwi na ladha.

Mifumo ya video ya kidijitali iliyofuata imejengwa juu ya wazo hilo. Matokeo yake ni kwamba nafasi ya MHz 8 iliyobeba kituo kimoja sasa inaweza kubeba zaidi ya kumi. Vituo vikasogezwa pamoja, na sehemu kubwa ya bendi ikabaki wazi.

Bili tuliyolipa

Kenya ilizindua matangazo ya kidijitali Desemba 2009. Kwa makubaliano ya Geneva ya 2006, nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikuwa zimejiwekea 17 Juni 2015 kuwa kikomo cha runinga ya analogi kwenye bendi hii. Februari 2015 mitambo ya zamani ya Nairobi ilizimwa. Wengi wanakumbuka kesi mahakamani, vituo vikubwa vya kibinafsi kupotea hewani kwa karibu wiki tatu, na foleni za kununua ving'amuzi. Aliyeshindwa kununua king'amuzi alibaki na kisanduku cha chenga sebuleni.

Tuliambiwa kwamba tungepata picha safi na vituo vingi, na tukavipata. Lakini faida kubwa ya kuhama ilikuwa masafa yaliyobaki: kuanzia MHz 694 hadi 862, sawa na nafasi 21 za runinga ya zamani. Kipande cha juu, cha MHz 800, kilikwenda kwa kampuni za simu kwa ajili ya intaneti ya 4G. Cha chini, cha MHz 700, ndicho ambacho dunia imekuwa ikijadiliana: kiwe cha biashara peke yake, au waokoaji nao wapate fungu?

Novemba 2015, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio mjini Geneva ulirekebisha Azimio 646. Uliyahimiza mataifa yafikirie masafa ya MHz 694 hadi 894 yanapopanga mitandao ya kasi ya kulinda umma na kukabili majanga. Lugha yake ni ya kuhimiza, si ya kuamrisha. Kila nchi imeachiwa uamuzi.

Kwa nini MHz 700 yanawafaa watu wa vilimani

Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya kasi ya mwanga kwa masafa. Wimbi la MHz 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi. Wimbi la MHz 2,600, linalotumiwa na baadhi ya mitandao ya kasi ya simu, halifiki sentimita 12. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa zaidi kwenye vilima vya Konoin au Kapkoros kuliko katikati ya Nairobi.

Kwanza, antena ya kawaida ya simu hukusanya nguvu nyingi zaidi kutoka kwa wimbi refu. Mnara ule ule, kwa nguvu ile ile na umbali ule ule, hufikisha kwenye simu nguvu takriban mara 14 zaidi kwa MHz 700 kuliko kwa MHz 2,600. Pili, wimbi refu hujipinda vizuri zaidi juu ya kilele cha kilima na kufika bondeni, walipo watu. Tatu, hupenya majani mabichi na kuta kwa urahisi zaidi, na sisi tunaishi katikati ya mikaratusi na michai. Nne, mvua hailisumbui. Anayetumia dishi la setilaiti anajua picha hukatika mvua kubwa ikinyesha, kwa sababu dishi hupokea masafa ya juu mno, yapata MHz 12,000. Jirani yake wa eriali ya kawaida huendelea kutazama.

Kwa hiyo minara michache huhudumia eneo kubwa. Hili ndilo linaloamua kama mtandao wa waokoaji utajengwa vijijini au utaishia mijini.

Waokoaji wanahitaji nini ambacho simu ya kawaida haina? Wanahitaji kubonyeza kitufe kimoja na kusikika na kundi zima kwa wakati mmoja, kama simu za upepo za polisi. Wanahitaji nafasi isiyojazwa na umati. Wanahitaji kuzungumza kifaa kwa kifaa hata mnara ukizimika. Na siku hizi wanahitaji zaidi ya sauti: daktari wa Longisa aione hali ya majeruhi kabla ambulensi haijafika, msimamizi aone kwenye ramani kila gari liko wapi. Upana huo wa mawasiliano haupatikani kwenye simu za upepo za zamani.

Waliojifunza kwa machozi

Marekani ilitunga sheria mwaka 1997 ya kutenga MHz 24 za runinga kwa ajili ya polisi, zimamoto na ambulensi. Lakini vituo vya runinga viliruhusiwa kubaki mpaka nchi ihamie dijitali, na miaka ikapita. Tarehe 11 Septemba 2001, magaidi waliposhambulia minara pacha ya New York, helikopta za polisi ziliona dalili za jengo la pili kuporomoka na onyo likatolewa kwa redio za polisi. Zimamoto hawakuwa kwenye masafa hayo, na redio zao wenyewe zilisikika kwa shida ndani ya majengo. Siku hiyo walikufa zimamoto 343. Runinga ya analogi ilizimwa Juni 2009, na mwaka 2012 sheria nyingine ikaunda mtandao mmoja wa kitaifa wa waokoaji, FirstNet, kwenye MHz 700. Korea Kusini nayo, baada ya kivuko cha Sewol kuzama Aprili 2014 na kuua zaidi ya watu 300, iliamua kujenga mtandao wa nchi nzima kwenye bendi hiyo hiyo.

Sisi pia tuna somo letu. Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, polisi na wanajeshi hawakusikilizana, na afisa wa kikosi cha polisi akauawa kwa risasi za wenzake. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo. Mwaka uliofuata serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano na kamera za polisi kwa takriban shilingi bilioni 15. Ulikuwa uamuzi wa maana. Lakini ulianzia Nairobi na Mombasa, na ni wa polisi. Dereva wa ambulensi wa Bomet na zimamoto wa Narok wanahitaji sauti hiyo hiyo.

Nafasi nyeupe

Kuna hazina nyingine. Bendi ya MHz 470 hadi 694 imebaki ya runinga, lakini si kila nafasi yake inatumika kila mahali. Nafasi iliyo na kituo Nairobi inaweza kuwa tupu Mulot. Wataalamu huziita nafasi nyeupe. Kifaa cha kuzitumia hutambua mahali kilipo, huuliza kanzidata ni nafasi zipi ziko wazi hapo, kisha hutumia mojawapo kwa nguvu kidogo isiyoharibu runinga ya mtu.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kujaribu jambo hili. Mwaka 2013, mradi wa Mawingu karibu na Nanyuki uliunganisha shule, zahanati na maktaba kwa mitambo ya umeme wa jua. Mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa kuzitumia.

Nafasi nyeupe zina mpaka wake. Anayezitumia ni mgeni, na mwenyewe akirudi lazima aondoke. Kwa hiyo hazifai kuwa tegemeo pekee la kilio cha msaada. Zinafaa kuunganisha zahanati za vijijini na hospitali ya rufaa, na kuwapa waokoaji njia ya akiba. Sauti ya dharura yenyewe inastahili fungu lake la kudumu kwenye MHz 700, lililolindwa kwa sheria.

Najua masafa peke yake hayaokoi mtu. Minara inahitaji umeme na walinzi, redio zinahitaji kununuliwa, na makamanda wa kaunti mbili wanahitaji kufanya mazoezi pamoja kabla ya siku ya msiba. Mtandao wa waokoaji unaweza hata kutumia minara iliyopo ya kampuni za simu, mradi sheria iseme wazi kwamba wakati wa janga waokoaji wanatangulia. Yote haya ni kazi ya miaka. Ila masafa yakishauzwa kwa mkataba mrefu, kuyarudisha ni vigumu mno, ndiyo maana uamuzi huu unakuja kwanza.

Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Siwezi kuona haki hiyo inavyotimia kama ambulensi haikusikia iitwako. Ibara ya 10 inafanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala, na Mamlaka ya Mawasiliano hukaribisha maoni ya umma inapopanga matumizi ya masafa. Safari ijayo isiwe kampuni za simu na mawakili wao pekee watakaoandika. Waandike pia wakurugenzi wa viwanda vya chai, sako za matatu, vyama vya boda boda, wauguzi wa Longisa na mabunge ya kaunti za Bomet, Kericho na Narok, kwa sentensi isiyohitaji utaalamu: fungu la MHz 700 litengwe kwa waokoaji, na mtandao wake ujengwe hadi Mulot.