Jicho Vivu: Retina Nzima, Uoni Hafifu

Jicho vivu ni jicho la mtoto lisiloona vizuri hata likipewa miwani linayostahili, ilhali daktari akilichunguza hakuti ugonjwa unaotosha kueleza uhafifu huo. Kasoro kubwa imo katika ubongo, ambao haukujifunza kulitumia.

Retina ni utando mwembamba uliotanda nyuma ya jicho. Una seli zipatazo milioni 120 za kuonea gizani na nyingine milioni 6 hivi za kutambua rangi na vitu vidogo. Hizi za pili zimesongamana zaidi katika fovea, kibonde chenye upana wa milimita 1.5 hivi, na ndicho kinachotumika kusoma au kutunga uzi kwenye sindano. Mtoto huzaliwa fovea yake haijakomaa; seli zake huendelea kujisogeza katikati kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana watafiti walijiuliza kama retina nayo hubaki nyuma katika jicho vivu. Tangu mwaka 1991 ipo mashine ya OCT, inayopiga picha za matabaka ya retina kwa mwanga bila kuligusa jicho. Baadhi ya vipimo vilionyesha fovea nene kidogo, kwa maikromita chache tu. Vingine havikuona tofauti. Jicho fupi au refu kuliko kawaida pia hubadilisha ukubwa wa picha na kupotosha hesabu. Hata tofauti hiyo ikiwapo, ni ndogo mno kueleza kwa nini mtoto anashindwa kusoma ubaoni.

Maelezo yenye nguvu yalitoka kwa watafiti wa ubongo David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Walipofunga jicho moja la mtoto wa paka, seli za ubongo zilizopaswa kulihudumia zilihamia kwa jicho lililo wazi. Kwa paka mzima hilo halikutokea.

Kwa binadamu, ubongo hulitelekeza jicho lenye makengeza, lenye kasoro ya miwani kubwa kuliko mwenzake, au lililozibwa na mtoto wa jicho au kovu la konea. Uoni unaopotea si wa herufi ndogo tu. Herufi moja ikisimama peke yake husomeka, zikipangwa mstari huchanganyika. Hisia ya kina nayo hufifia: mtoto anayemimina maziwa kwenye kibuyu chenye mdomo mwembamba huyamwaga pembeni, akaitwa mzembe bila kosa.

Katika shule ya wilaya ya Mbulu au Hanang, Tanzania, OCT si lazima ili kumtambua. Chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku humfaa hata asiyejua kusoma, mradi kila jicho lipimwe peke yake, kwa sababu jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake. Mboni yenye weupe haisubiri chati. Mtoto huyo anahitaji daktari bingwa upesi, na hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi. Kutoka Katesh, mji wa Hanang, ni safari ya kupitia Babati na Arusha, nauli na siku za shamba zikipotea. Hata hivyo kila mwezi wa kuchelewa huupunguzia ubongo nafasi ya kujifunza.

Tiba huanza kwa kuondoa kizuizi na kuvaa miwani, ambayo peke yake huwaponya baadhi. Kisha jicho zima huzibwa kwa plasta, mara nyingi saa 2 kwa siku, au saa 6 hali ikiwa mbaya. Matone ya atropini katika jicho hilo zima ni njia nyingine. Matokeo ni bora kabla ya miaka 7, ingawa baadhi ya watoto wakubwa nao hunufaika. Plasta ikiachwa mapema, uoni unaweza kurudi nyuma, hivyo mtoto huendelea kupimwa baada ya tiba.