Kiseyeye, Ugonjwa wa Fizi na Ubongo: Suala la Istilahi

Makala hii fupi inakusudia kufafanua istilahi tatu zinazomkabili mfasiri wa maandishi ya afya: kiseyeye, ugonjwa wa fizi na antioksidanti. Kuzichanganya si kosa la lugha tu. Msomaji wa Bukama anayetokwa na damu kwenye fizi, akiambiwa kwamba dawa ni vidonge vya vitamini, ataacha kusafisha meno, na hatimaye meno hayo yatang'oka.

Kiseyeye ni ugonjwa wa upungufu wa vitamini C. Mwili ukiikosa hauwezi kuunda vyema kolajeni, yaani protini inayoshikamanisha nyama na mishipa ya damu. Hivyo fizi huvimba na kuvuja damu. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, nao wakapata nafuu upesi. Ugonjwa huu haujatoweka: mwaka 2017 na 2018 ulizuka miongoni mwa vijana wa Sudan Kusini katika kambi ya Kakuma, Kenya. Hapa vitamini C ndiyo tiba yenyewe.

Ugonjwa wa fizi ulioenea zaidi una asili nyingine, nayo ni bakteria walioko katika ukoga. Chembe nyeupe za damu hupambana nao kwa kutoa kemikali kali za oksijeni, ambazo huunguza pia nyama ya ufizi. Antioksidanti, kwa mfano vitamini C na E, ni kitu kinachozipoza kemikali hizo. Kwa hiyo yaweza kuwa msaidizi wa tiba, lakini haiondoi ukoga. Kazi hiyo ni ya mswaki na ya mganga wa meno.

Je, ubongo unahusikaje? Ubongo hutumia takriban sehemu moja kwa tano ya oksijeni ya mwili, tena una mafuta mengi. Kwa sababu hiyo hudhuriwa kwa urahisi na kemikali zilizotajwa. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba bakteria wa fizi aitwaye Porphyromonas gingivalis alionekana katika bongo za marehemu waliougua Alzheimer. Hata hivyo, dawa iliyobuniwa kuvizuia vimeng'enya vya bakteria huyo haikufikia lengo kuu la jaribio lake mwaka 2021. Vidonge vya antioksidanti navyo havijathibitishwa kuzuia usahaulifu wa uzeeni. Mfasiri mwangalifu ataandika kwamba ugonjwa wa fizi "unahusiana na" maradhi ya ubongo, wala si kwamba "unayasababisha".

Kwa kumalizia, inapendekezwa neno kiseyeye libaki kwa upungufu wa vitamini C peke yake. Msomaji naye ashauriwe kula mapera na malimau, kwani sombe ikichemshwa muda mrefu hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo, na asiuache mswaki wake.