Dawa Bure, Safari Ghali



Katika nchi yetu mzee aliyetimiza miaka 60, naye hana uwezo wa kulipa, ana haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali za serikali. Jambo hili ni jema sana. Walakini, fikirini habari za bibi akaaye kijijini katika mkoa wa Simiyu, mwenye magoti mabovu na macho hafifu. Dawa yake ni bure. Lakini ni nani atakayemfikisha penye dawa?

Mkoa huu ulianzishwa mwaka wa 2012, nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2022 ilionyesha kwamba wakaao humo wamezidi milioni 2, na wengi wao ni wakulima wa pamba na wafugaji. Makao makuu ni mji wa Bariadi, na huko ndiko iliko hospitali ya rufaa ya mkoa. Njia kuu imetengenezwa vizuri: iko lami ya karibu kilometa 50 kati ya Maswa na Bariadi.

Basi, taabu ya bibi yetu haimo katika lami. Taabu iko kati ya mlango wa nyumba yake na ukingo wa lami hiyo. Udongo wa mbuga ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha hunata hata magurudumu yakakwama. Bodaboda hupita penye njia nyembamba, lakini abiria wake hana budi kupandisha mguu na kujishikilia. Aliyepooza upande mmoja atajishikiliaje? Mkokoteni wa ng'ombe waweza kumchukua akiwa amelala, ila huenda polepole, nao humtikisa mgonjwa njia nzima.

Tena afikapo barabarani, ngazi ya basi iko juu, abiria wasukumana, na kondakta ana haraka. Asiyeweza kwenda peke yake yampasa kuwa na mtu wa kumsindikiza. Kwa hiyo nauli ni za watu wawili, kwenda na kurudi. Ndiyo sababu wengi husema, "Nitakwenda mwezi ujao," hata ugonjwa ukawazidi.

Mwaka wa 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ili wasizuiwe kuyafikia mambo ambayo wengine huyafikia. Na mfano wa kutufundisha tunao. Huko Dar es Salaam, tangu mwaka wa 2016, yako mabasi ya mwendo kasi ambayo sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo, hata mwenye kiti cha magurudumu aweza kuingia bila kunyanyuliwa. Hapo twaona kwamba mara nyingi kizuizi si mguu wa mtu, bali ni ngazi.

Kijiji hakiwezi kujenga kituo cha namna ile. Lakini chaweza kufanya haya:

Kwanza, kuinua tuta la mawe na udongo ulioshindiliwa penye kituo cha basi, lenye mteremko upande mmoja, ili ngazi isiwe juu mno.

Pili, nyumba chache kuchanga fedha na kukodi bajaji moja siku ya kliniki, wakati njia ni kavu. Bajaji ina kiti na mahali pa kuegemea, na gharama ikigawanywa haimwelemei mtu mmoja.

Tatu, walimu kuandika majina ya wazee na watoto wenye ulemavu wa kijiji, na siku zao za kwenda hospitali, na kuyapeleka katika mkutano wa kijiji. Asiyejulikana hapangiwi safari.

Nne, kuwaomba wenye magari wasidai nauli ya mzigo kwa kiti cha magurudumu au magongo. Hayo si mizigo. Ndiyo miguu ya mwenyewe.

Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Tuta tutakalolijenga leo kwa ajili ya bibi, kesho tutalikanyaga sisi wenyewe.