Ngumi Isiyofunguka: Kovu la Moto na Upasuaji Wake

Huko Itumbe, kama kwingineko katika vilima vya Kisii na Nyamira, familia nyingi hupika kwa kuni juu ya mafiga yaliyo sakafuni, kimo kilekile cha mtoto anayejifunza kutembea, naye akianguka hutanguliza mikono, hivyo makaa huunguza viganja na vidole. Kidonda kinapofunga, nyumbani hushukuru. Kumbe hapo ndipo mkono huanza kupotea polepole.

Moto ukila tabaka la ndani la ngozi, lenye mizizi ya nywele na tezi za jasho ambamo ngozi mpya huchipukia, mwili huziba pengo kwa nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na baadhi ya seli zinazozifuma hujivuta kama msuli hata baada ya kidonda kufunga. Kidonda kilichochukua zaidi ya wiki 3 kupona ndicho hasa huacha kovu nene, na kovu hilo likipita juu ya kiungo hukivuta hadi kisinyooke, hali iitwayo mkakamao, ambayo kwa anayeishi kwa kuchuma chai au kuchonga mawe huko Tabaka ni hasara kubwa kuliko ubaya wa sura.

Upasuaji wa kurekebisha, yaani ule unaorudishia kiungo umbo na kazi, hukata kovu hadi vidole vinyooke, kisha hujaza pengo kwa ngozi iliyotolewa pajani au kinenani. Kovu lililokaa kama utepe hukatwa kwa umbo la herufi Z, vipembe viwili vya ngozi vikabadilishana nafasi, na vikiwa na pembe ya digrii 60, kihesabu urefu huongezeka kwa asilimia 75. Fani hii si ngeni Afrika Mashariki, kwani shirika la afya la Amref lilianzishwa mwaka 1957 na mabingwa watatu wa upasuaji huo, Michael Wood, Thomas Rees na Archibald McIndoe, huyu wa mwisho akiwa ndiye aliyewatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Hata hivyo, kisu peke yake hakitoshi. Banzi la kunyoosha vidole, mavazi ya kubana yanayovaliwa takribani saa 23 kwa siku, na safari za kurudi Hospitali ya Rufaa ya Kisii kwa mazoezi ya viungo ni tiba kamili, wala si nyongeza, maana kovu hukomaa kwa mwaka 1 hadi 2, na mtoto huenda akapasuliwa tena na tena kadiri anavyokua, kwa kuwa mifupa yake hurefuka ilhali kovu halirefuki nayo.