Zamu ya Mlinzi: Juu ya Kustaafu na Kurejea Shambani



Neno letu la leo lawahusu wale waliokabidhi ofisi, chaki, sindano au usukani, wakapokea kiinua mgongo chao na kurejea mashambani. Katika wilaya zetu za Korogwe na Handeni hawa ni wengi. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa hiari watimizapo miaka 55, na kwa lazima wafikapo 60. Baada ya hapo Mungu huweza kumjalia mtu miaka ishirini mingine, na namna ya kuiishi miaka hiyo si jambo dogo. Tumewaona walioingia katika umri huo kwa furaha. Tumewaona pia waliokaa barazani mwezi baada ya mwezi, wakingoja kuitwa kwa cheo chao cha zamani, wasiwepo wa kuwaita, nao wakanyauka mbele ya macho yetu.

Maandiko Matakatifu hayakulinyamazia jambo hili. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya nane, Mlawi aliamriwa kuingia kazini akiwa na miaka 25, na kuiacha kazi hiyo afikapo 50. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Lakini aya ya 26 yaendelea kusema kwamba mtu huyo atawasaidia ndugu zake katika kulinda zamu, ila utumishi wenyewe hataufanya. Tukumbuke utumishi huo ulikuwa nini. Hema ya kukutania ilihamishwa jangwani pamoja na mbao, nguzo na mapazia yake, na wana wa Kohathi walivibeba vyombo vitakatifu mabegani. Basi mzee alitolewa mzigo begani, akaachiwa zamu. Hakufukuzwa hemani.

Tofauti hii ya mzigo na zamu ndiyo tunayotaka kuieleza, kwa maana wastaafu wengi hufika shambani wakajitwika mzigo mpya. Mvua za Handeni kila mkulima azijua: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mwaka mwingine zote mbili zikapungua. Mtu aliyekaa mjini miaka thelathini hukodi trekta, akalima ekari arobaini za mahindi katika msimu wake wa kwanza, na fedha yote ya uzeeni akaifukia ardhini. Mvua ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele, fedha imekwenda, na amani ya nyumba imekwenda nayo. Hapo huanza kulaumu wachawi na majirani. Twasema kwa upole, lakini twasema: huo si uvivu wa mvua peke yake.

Yafaa kuanza na ekari mbili au tatu. Mahindi ya muda mfupi yachanganywe na kunde, na muhogo upewe sehemu yake, kwa kuwa wavumilia ukame na waweza kungoja ardhini mpaka siku ya haja. Mizinga michache ya nyuki haihitaji mabega ya kijana. Na bwana shamba aulizwe kabla ya muuza pembejeo.

Kwa upande wa Korogwe wapo wanaovutwa na mkonge, na hatuwakatazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wadogo wamekuwa wakiulima katika mashamba ya Hale, Mwelya, Ngombezi na Magoma. Ila mkonge huchukua yapata miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Apandaye akiwa na miaka 60 atakata akiwa na 63. Kwa mwenye subira na pensheni ya kila mwezi si vibaya. Kwa anayetazamia ada ya mjukuu mwakani, atafute zao jingine.

Na tukiutaja mkonge, tusiwasahau wazee waliouhudumia. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa. Kazi hiyo ilifanywa na manamba waliotoka mbali, Kigoma, Songea na hata ng'ambo ya mipaka. Bei ilipoanguka na korona moja baada ya nyingine kunyamaza, wengi wao walikwisha kuzeeka hapa, hawana nauli wala kwao pa kurudi. Mstaafu mwenye hati ya shamba na pensheni, ambaye jirani yake ni mzee wa namna hiyo, ana zamu ya kulinda kabla hata hajashika jembe.

Tena kuna mama wa nyumba. Mara nyingi mume alipokuwa kazini Dar es Salaam au Tanga, mkewe ndiye aliyelima, akapalilia, akafukuza nyani na ngedere. Yeye hakustaafu, wala hapokei kiinua mgongo. Mume arejeapo na kuanza kutoa amri kana kwamba shamba ni idara aliyohamishiwa, hukosea adabu na hukosea kilimo, kwa kuwa mwenye kujua ni kipande gani hutuama maji ni yule mama. Na akae mwaka mmoja akijifunza kwake. Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, alipoacha urais mwaka 1985, alirejea kijijini kwake Butiama akalima, naye hakuacha kuitwa kwa mashauri makubwa ya mataifa. Jembe halikumpunguzia heshima.

Tumalizie na mkulima mmoja wa Gileadi. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, Barzilai wa Rogelimu alikuwa miongoni mwa waliompelekea vitanda, ngano, shayiri, dengu, asali na kondoo kule Mahanaimu. Vita vilipokwisha, mfalme alimwalika akae naye Yerusalemu, alishwe mezani pake. Barzilai alikuwa na miaka themanini. Alijibu kwamba hasikii tena vema sauti za waimbaji wala ladha ya chakula, ya nini awe mzigo kwa mfalme. Akaomba arudi kufia mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Hakuona haya kuyasema hayo. Kisha akamsogeza mbele Kimhamu, akaomba kijana huyo aende badala yake. Daudi akakubali, akambusu mzee na kumbariki, naye akarudi kwake.

Karne kadhaa baadaye, katika siku za nabii Yeremia, watu waliokuwa wakikimbilia Misri walitua mahali fulani karibu na Bethlehemu. Mahali hapo paliitwa Geruth-Kimhamu.